Darasa la Akili Chuma

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili nusu fainali iishe wakati Griffin Wanjala alipogongwa. Aliruka kuondoa mpira wa kona, mshambulizi wa upande ule mwingine naye akaruka, na vichwa vyao vikakutana kwa mlio ambao hata waliosimama nyuma ya kamba waliusikia. Yule mwenzake alishika shavu akapiga kelele. Griffin hakupiga kelele. Alianguka chali, mikono miwili imenyooka mbele yake kama mtu anayesukuma ukuta, na kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka saba hakusogea.

Refa alikuwa ameshainua mkono kuita machela. Lakini Mwalimu Were, kocha wa shule, alikuwa amefika kwenye mstari na kuweka viganja mdomoni.

“Ganzi! We Ganzi, inuka! Ama unataka wakuletee ile sindano yako?”

Uwanja ukacheka. Wachezaji wa akiba wakasimama kwenye benchi, wakapiga makofi kwa mpigo waliofunzwa. “Akili! Chuma! Akili! Chuma!” Na aliyepiga kelele kuwashinda wote alikuwa Protus Wanjala, baba wa kijana, dereva wa trekta ya miwa huko Malava, aliyeomba ruhusa ya nusu siku kazini ili aje.

“Inuka, kijana yangu! Watu wanakuangalia!”

Griffin akainuka. Akatembea hatua nne, tano, akaenda kusimama mbele ya lango la wapinzani kana kwamba ndilo lake, mpaka nahodha wa timu yake, Isaiah, akamvuta jezi na kumgeuza. Watu wakacheka tena, safari hii kwa mapenzi. Shule ikashinda mbili kwa moja. Griffin, beki wao, akatolewa uwanjani juu ya mabega, kichwa kikimwegemea huku na huku, na wote wakaona ni uchovu wa ushindi.

Jina la Ganzi halikuanzia uwanjani. Kwa kina Protus, kule Chekalini, kijana anayetahiriwa husimama uani alfajiri mbele ya kisu, na ukoo mzima humtazama macho. Akipepesa, atasemwa mpaka kaburini. Griffin hakusimama pale. Mamake, Dinah, alimpeleka hospitalini likizo moja ya Agosti akiwa na miaka kumi na miwili, akadungwa ganzi, akarudi nyumbani na tembe zimefungwa kwa karatasi. Baba mkubwa wake, Barasa, ndiye aliyempa jina. Kocha alipolisikia, alifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Kwa sababu Mwalimu Were alikuwa na darasa lake. Jumanne na Alhamisi, kabla ya mazoezi, aliwapanga vijana kando ya ukuta wa maabara akawaonyesha kwenye simu mabingwa wa ng'ambo wakicheza na bendeji kichwani, damu imeshuka mpaka kwenye jezi. “Unaona huyu? Unafikiri hasikii uchungu? Anasikia. Lakini ameuambia uchungu ukae nje umngoje.” Darasa hilo aliliita Akili Chuma. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba bingwa haketi. Aliyeketi uwanjani mpira ukichezwa alifungwa leso kiunoni na kuwapakulia wenzake chakula wiki nzima. Walimu wengine walipita pale, wakaona mvulana mwenye ndevu akibeba sufuria na leso, wakacheka, wakaenda zao kunywa chai.

Hakuna aliyeuliza.

*

Nyumbani Malava, jioni hiyo, Dinah alikuwa kwenye mashine yake ya kufuma. Alifuma sweta za shule, za kijani zenye mstari mweupe shingoni, na shule ya Griffin ilikuwa mteja wake mkubwa. Alisikia mwanawe ameingia lakini hakusikia salamu.

“Griffin? Mmeshindaje?”

“Tumeshinda.”

“Ngapi?”

Kijana alikaa kwenye kochi, akaweka mkono juu ya macho. “Mama, funga huo mlango. Jua linaniingia.”

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya miwa. Dinah alifunga mlango hata hivyo. Mitchel, dada mdogo wa miaka kumi, alimletea kaka yake chai na bakuli la sukari. Griffin akachota chumvi kwenye mkebe wa pembeni, kijiko kimoja, viwili, akakoroga, akanywa.

“Ai, Griffin!” Mitchel akaangua kicheko. “Unakunywanga chumvi siku hizi?”

“Iko sawa,” akasema, akaendelea kunywa.

Obusuma, ugali wa kwao, ulipowekwa mezani na mboga ya mrenda, alikula matonge mawili, akatoka nje mbio, akatapika karibu na tangi la maji. Protus alikuwa ameshafika, ana furaha yake, anasimulia mchezo kwa mikono.

“Amechoka huyo. Mama Griffin, ungeona! Amegongwa kidogo, mwingine angelala hapo mpaka kesho, huyu wako ameinuka kama dume!”

“Amegongwa wapi?”

“Kidogo tu. Kichwa.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Si nilikuwa hapo hapo!” alisema Protus, kwa fahari.

Mitchel ndiye aliyefungua simu ya baba. Video ilikuwa tayari kwenye kundi la mashabiki, na chini yake watu walikuwa wameweka nyuso za kucheka, mstari mzima. Dinah alimwona mwanawe akianguka. Aliona ile mikono iliyonyooka hewani. Aliirudisha akaitazama tena, na mara ya tatu akaipa simu kisogo, kwa sababu alikuwa amesikia katika zile kelele sauti ya mume wake.

*

Asubuhi ya Alhamisi alimpeleka zahanati. Daktari Cherop, mwanamke mfupi mwenye haraka, alimmulika macho, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akamwambia ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Griffin akafika Septemba, akarudi tena Oktoba, akanyamaza.

“Alipoteza fahamu?”

“Alilala chini kidogo,” alisema Dinah.

“Halafu wakamrudisha kucheza?”

“Aliinuka mwenyewe, daktari.”

Cherop aliacha kuandika. “Mama, ubongo umetikisika ndani ya kichwa. Hili ni jeraha, ni vile tu hakuna damu ya kuona. Hatacheza. Wiki tatu, kisha mnirudishie nimpime kabla hajagusa mpira. Akigongwa mara ya pili kabla ya kupona, hata kidogo, anaweza kufa uwanjani. Nasema kufa, umesikia? Na akizidi kutapika ama akilala usingizi usio wa kawaida, msingoje, mpeleke Kakamega.”

Akaandika hayo yote kwa barua, akagonga muhuri. Dinah aliishika barua hiyo njia nzima kwa mikono miwili. Alidhani karatasi yenye muhuri ni kitu kikubwa. Sisi tusiosoma sana hudhani hivyo.

Griffin hakukubali kurudi nyumbani. Alisema kocha ndiye atakayeamua. Basi wakaenda shuleni wote wawili, na Dinah akawekwa kwenye benchi nje ya ofisi ya michezo tangu saa tano mpaka saa tisa, wanafunzi wakimpita na kunong'ona. Mwalimu Were alipotokea alikuwa na filimbi shingoni na tabasamu la kumkaribisha mgeni.

“Mama Griffin! Mama wa shujaa! Sweta zimekuwa tayari?”

“Sikuja na sweta, Mwalimu.” Akampa barua.

Aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. “Hawa madaktari wa zahanati huandikanga hivi wasije wakalaumiwa. Ukienda na kikohozi, wiki tatu. Ukienda na kidole, wiki tatu. Fainali ni Jumamosi, Mama. Unajua fainali ni nini?”

“Naijua.”

“Twende basi, tusibishane. Kijana mwenyewe atatuambia.”

Aliwaita wachezaji wote katikati ya uwanja. Akamsimamisha Griffin mbele yao na Dinah kando yake, kama watu wawili walioletwa kwa chifu.

“Griffin, unaumwa?”

“Hapana, Kocha.”

“Sisikii.”

“Hapana, Kocha!”

“Mama anasema kichwa hakiko sawa. Mama ni mama, tunamheshimu. Wacha tumpime hapa hapa mbele yake. Jana tulicheza na wao, ngapi kwa ngapi?”

Griffin alifungua mdomo. Macho yake yakamwendea Dinah, yakampita, yakatafuta. Nyuma ya kocha, wenzake walikuwa wamejipanga, na Isaiah, yule nahodha, alitoa vidole viwili kifuani, kisha kimoja.

“Mbili kwa moja,” alisema Griffin.

“Nani alifunga la pili?”

Mvulana mmoja akajigusa mwenyewe kifua.

“Shiundu.”

“Leo ni siku gani?”

Vidole vinne vikainuka, vitano vikasahihisha, kisha midomo ikatamka bila sauti. Vijana walikuwa wanabanana midomo wasicheke. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanampenda mwenzao, wanamsaidia apite mtihani, kama vile wangemsaidia kwa hesabu. Dinah aliviona vidole vyote.

“Alhamisi, Kocha!”

“Sasa, Mama?” Mwalimu Were alifungua mikono. “Umesikia mwenyewe.”

“Mwalimu, hawa wamemwonyesha na vidole.”

Halafu mtu nyuma akasema kwa sauti nyembamba ya kike, “Mama, nidungwe ganzi, naogopa,” na timu nzima ikavunjika mbavu, na kocha akageuka upande ili asionekane anacheka. Griffin hakucheka. Alimwangalia mamake kwa chuki ambayo Dinah hakuwahi kuiona katika uso wake tangu amzae.

“Mama,” alisema polepole, “enda nyumbani.”

*

Siku ya Ijumaa Protus alirudi kutoka kazini mapema, akaketi kwenye kochi, akavua kofia.

“Nimeongea na Mwalimu Were.”

“Nimekataa.”

“Hujasikia bado.”

“Baba Griffin, daktari amesema kufa. Hakusema kuumwa.”

“Sikiza basi!” Protus alishusha sauti, maana kijana alikuwa amelala chumba cha ndani, na kwa siku mbili hizo alilala sana. “Kuna tajiri mmoja wa mjini amesema atawalipia karo vijana kumi na mmoja watakaoanza fainali. Mpaka wamalize kidato cha nne. Wanaoanza, si wanaokaa benchi. Karatasi ya refa ndiyo itaangaliwa. Sasa Mwalimu amesema hivi: ataanza, atacheza dakika tano, halafu atamtoa. Asirukie mpira hata mmoja. Dakika tano, Mama Griffin. Jina limeingia, karo imelipwa, tunaenda nyumbani.”

Mara mbili muhula huo Griffin alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, akakaa kwenye hilo kochi akimtazama mamake akivuta nyuzi.

“Na hata kama si karo,” Protus akaendelea, na sasa uchungu ulikuwa wake mwenyewe, “wewe ndiye ulimpeleka kwa ganzi. Ulikuwa na sababu zako, sikukupiga, sikukufukuza. Lakini anayechekwa ni mimi. Kila mazishi, kila harusi, Barasa ananiuliza kama kijana wangu ameamka ile sindano. Leo kijana anaitwa shujaa Malava yote, na wewe unaenda kumtoa mbele ya watu na barua. Unataka aitwe nini tena?”

“Tano,” alisema Dinah baadaye.

“Tano.”

“Nitahesabu mimi mwenyewe.”

Mzazi unayesoma hapa, tua kidogo. Usimhukumu kocha peke yake. Mama huyu alimwona mwanawe akinywa chumvi. Alisikia neno kufa kwa masikio yake. Akaviona vidole. Na bado alipowekewa mbele yake dakika tano na karo ya mwaka mmoja na nusu, alichukua. Hakulazimishwa na mtu. Alijiambia kwamba dakika tano ni kidogo, na kweli ni kidogo, ila kichwa hakijui kuhesabu dakika.

*

Uwanja wa mjini Kakamega ulijaa kabla ya saa saba. Ngoma za isukuti zilipigwa upande wa jukwaa, wauza miwa walikuwa wakimenya na kukata vipande, na vijana walipanda juu ya ukuta. Protus alisimama kwenye kamba na Barasa, aliyekuja kutoka Chekalini amevaa koti la Krismasi. Dinah alisimama nyuma ya benchi la timu, simu mkononi, akitazama saa.

Dakika ya tano ilipita. Ya sita ikapita. Griffin alikuwa anacheza kama mtu anayetembea majini, lakini alikuwa mrefu na alijua mahali pa kusimama, na mpira ulimjia tu. Dakika ya nane shule ikafunga bao, uwanja ukalipuka.

Dinah akamwendea kocha. “Mwalimu, ulisema tano.”

“Mama, tafadhali.”

“Ulisema tano!”

“Tunaongoza! Nivunje ukuta wangu sasa? Kijana yuko sawa, muangalie!” Akamwita askari wa uwanja kwa kidole. “Mpeleke mama akae na mashabiki wengine.”

Askari alimshika mkono juu ya kiwiko, akamtembeza mbele ya jukwaa. Leso yake ilianguka, mtu akaiokota, akaipeperusha kama bendera, watu wakashangilia. Dakika ya kumi na tisa. Dinah alipita kati ya watu akiliita jina la mumewe, na isukuti zikamfunika.

Protus hakumsikia. Alikuwa anamwangalia Griffin, aliyekuja pembeni kufuata mpira uliotoka nje. Kijana aliinama kuuokota, mpira ukamponyoka, akainama tena. Alipoinuka walikuwa wanatazamana, kamba tu katikati yao. Jicho moja la kijana lilikuwa limefunguka zaidi kuliko lingine.

“Samahani, mzee,” alisema Griffin, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia mji wa wageni. “Leo tunacheza na nani?”

Barasa akacheka. “Anatuchezea huyu!”

Protus hakucheka. Alisubiri mwanawe atabasamu, ajue ni utani. Griffin aliendelea kungoja jibu, mpira mikononi, refa akipuliza filimbi kumharakisha.

“Griffin. Ni mimi.”

“Ndiyo, mzee.”

Basi Protus akainua kamba, akapita chini yake. Alikwenda na viatu vyake vya kazini mpaka ndani ya uwanja, akautoa mpira mikononi mwa mwanawe akauacha uanguke, akamshika mkono. Kelele zilizotoka pale hazina mfano. “Mzee, toka!” “Waleteeni ganzi hao wawili!” Chupa ya maji ikampiga mgongoni. Refa alikuja mbio na kadi. Mwalimu Were alikuja mbio vilevile, mishipa imemsimama shingoni.

“Wanjala, ukimtoa huyo leo, usimrudishe shuleni kwangu!”

“Protus!” Barasa alikuwa anaita nyuma ya kamba. “Protus, unatuvua nguo! Mbele ya watu hawa wote?”

Protus hakuwajibu. Alikuwa ametazama chini, macho yamejaa, anapepesa na kupepesa, na wote walioko karibu walimwona. Griffin alimfuata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Walipofika kwenye mstari alitapika juu ya shati la babake, magoti yakamlegea, na hapo ndipo Dinah alipowafikia.

Mchezo uliendelea. Aliingizwa kijana mwingine, na shule ikashinda kwa penalti. Gari la hospitali lilipokuwa likitoka langoni, msichana mmoja alikuwa anacheza isukuti barabarani na hakutaka kupisha.

*

Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Kidogo, walisema madaktari, na imekaa mahali pamoja, na wakasema kama angegongwa tena kipindi cha pili wangezungumza mambo mengine. Alilazwa siku tisa. Aliporudi nyumbani alimjua kila mtu, alijua siku na mwezi, lakini hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kushika kichwa, na Mitchel akiangusha sufuria alilia kama mtoto mchanga. Madaktari walisema itarudi polepole. Hawakusema lini.

Huko nyuma kikombe kilikuwa kimezungushwa Malava kwenye lori. Mwalimu Were alipewa zawadi ya kocha bora, na katika hotuba yake alisema ana vijana waliocheza na majeraha kwa ajili ya shule, ulimwengu ujifunze kutoka kwao. Watu walipiga makofi. Hakutaja jina.

Halafu shule ikawaita wazazi.

Ofisini kulikuwa na chai na mkate uliokatwa. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Jerotich, aliwapa pole ndefu, ya kweli pengine. Mwalimu Were alikaa karibu na dirisha, filimbi shingoni. Katikati ya meza kulikuwa na karatasi iliyochapwa tayari, yenye nafasi mbili za sahihi.

“Ni kitu kidogo tu,” alisema Madam. “Ofisi ya michezo ya kaunti inauliza uliza. Tumeandika ilivyokuwa, nyinyi mweke sahihi. Na habari njema ni kwamba yule mfadhili bado atalipa karo ya Griffin. Jina lilikuwa kwenye karatasi ya refa.”

Protus alichukua kalamu. Hakuwa na furaha, lakini aliichukua.

“Inasema nini?” aliuliza Dinah.

“Mama, umesoma mpaka wapi?”

“La saba.”

“Basi wacha nikusomee kwa ufupi. Kwamba kijana alipata ajali, akatibiwa, na wazazi hawana lalamiko.”

“Nipe nisome.”

Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Alisoma kama anavyosoma vipimo vya sweta, neno baada ya neno, midomo ikitembea. Chai ikapoa. Mwalimu Were akatazama saa yake, kwa kuwa alikuwa na mazoezi. Kwenye mstari wa tano kidole kikasimama.

“Bodaboda gani?”

“Mama?”

“Hapa. Inasema alianguka kwa bodaboda, nyumbani, siku ya Ijumaa. Bodaboda gani hiyo? Nani alikuwa anaendesha?”

“Hayo ni maneno ya ofisi tu,” alisema kocha. “Yakiandikwa ni uwanjani, watasema tulimchezesha akiwa ameumia, tutanyang'anywa kikombe. Vijana wote ishirini na wawili watapoteza, si wako peke yake. Fikiria watoto wa wenzako. Na karo, Mama Griffin. Mimi mwenyewe ndiye nilimpigia mfadhili simu.”

“Na barua ya daktari niliyokupa?”

“Barua gani?”

Alisema hivyo akimtazama usoni, na Madam Jerotich akatazama mkate. Dinah alikuwa ametarajia atasema imepotea, au hakuielewa. Hakuwa ametarajia neno hilo.

Alimgeukia mumewe. “Baba Griffin, nipe kalamu.”

Protus alikuwa ameshaiweka ncha kwenye karatasi. Kwa muda kalamu ilibaki pale, doa la wino likawa linakua. Karo ya mwaka mmoja na nusu ilikuwa chini ya ncha hiyo, na hakuna aliyeujua uzito wake kuliko yeye anayeamka saa kumi na moja kuwasha trekta ya mtu mwingine. Kisha akampa.

Dinah aligeuza karatasi upande usio na kitu. Akaivuta karibu, akaegemeza mkono, akaanza kuandika kwa herufi kubwa kubwa, zilezile za darasani. Aliandika Jumatano, na mlio ule, na mikono iliyonyooka. Aliandika Alhamisi, barua yenye muhuri imekunjwa mara nne, na vidole nyuma ya mwalimu. Kisha akafika Ijumaa na mkono ukasimama. Angeweza kuiruka. Protus aliona mahali alipofika, akainamisha kichwa. Dinah akaandika pia ile Ijumaa, kochi, dakika tano, na kwamba aliyekubali ni yeye Dinah pamoja na mumewe, na kwamba hawakulazimishwa na mtu.

“Mama, hayo yametosha,” alisema Madam Jerotich, amenyoosha mkono. “Nafasi yenyewe imeisha.”

“Lete karatasi ingine, Madam.”

Mwalimu Were alikuwa amesimama. “Huyu mama anajua anafanya nini kweli? Wanjala, mwambie bibi yako. Inatosha!”

Dinah hakuinua kichwa.

“Ngoja, Mwalimu,” alisema. “Sijafika Jumamosi.”